Semina ya siku moja, kambi ya siku tatu au Jumamosi sita? Ulinganisho wa mafunzo ya mazingira ya ufukweni kwa walimu wa Kigoma

Mwaliko wa mafunzo ya mazingira ukifika shuleni, mazungumzo ya kwanza ofisini huwa nauli na posho, ya pili huwa nani aende. Swali linalostahili kutangulia huachwa nyuma: Jumatatu inayofuata, mwalimu huyo akisimama mbele ya wanafunzi 90 wa darasa la tano, atafanya nini ambacho Ijumaa iliyopita hakukiweza?

Kwa swali hilo tumeziweka pamoja aina tatu za mafunzo ya vitendo zinazowezekana katika mwambao wa Kigoma.

Semina ya siku moja hukusanya walimu 30 hadi 40. Wanaanza saa mbili asubuhi, wanasikiliza maelezo, wanashuka mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotua, kufanya zoezi moja au mawili, wanakula, wanapiga picha ya pamoja na kutawanyika saa kumi jioni. Kambi ni siku tatu na usiku mbili kwa walimu 20 hadi 24, mara nyingi wakati wa likizo, wakilala bweni la shule au nyumba ya wageni iliyo karibu na ziwa. Jumamosi sita ni mfululizo wa nusu siku kila baada ya wiki mbili kwa walimu 12 hadi 16 wa shule za kata moja. Katikati ya Jumamosi na Jumamosi kila mwalimu hufundisha somo moja darasani kwake na kurudi na matokeo.

Ukitoa chai na ufunguzi rasmi, semina inabaki na saa tano za kazi, kambi kama 20, Jumamosi sita 24. Kwa saa, kambi na Jumamosi zinakaribiana. Tofauti yao ni kalenda: kambi inaanza na kwisha ndani ya siku tatu, Jumamosi zinatanda wiki kumi. Na mambo ya ziwa hayaendi kwa ratiba ya siku tatu. Tuanze na mfano mmoja unaoonyesha hilo vizuri kuliko mingine yote.

Chupa tatu

Chukua chupa tatu za maji za lita 1.5, zilaze, kata dirisha refu kwenye ubavu wa juu. Jaza udongo wa shimo lilelile, kiasi kilekile, hadi usawa wa chini wa mdomo wa chupa. Ya kwanza iache tupu. Ya pili itandaze majani makavu. Ya tatu ipande ulezi, tena kwa wingi, mbegu zigusane. Inua kitako cha kila chupa kwa nusu tofali ili maji yaelekee mdomoni, weka kikombe angavu chini ya kila mdomo, kisha mwagia kila chupa nusu lita ya maji kwa kopo lililotobolewa matundu 20 kwa msumari.

Chupa tupu hutoa maji kama chai ya maziwa. Ya majani makavu hutoa chai ya rangi iliyopoa. Ya ulezi hutoa maji yanayokaribia kuwa meupe, machache, tena kwa kuchelewa. Mtoto wa darasa la nne anaelewa bila kuhubiriwa: chupa tupu ni kilima kilicholimwa mihogo bila makingamaji, na kikombe ni ziwa.

Zoezi ni rahisi, lakini huharibika kwa njia nne. Udongo usiposhindiliwa kwenye kingo, maji hupenya kati ya udongo na plastiki, na chupa tupu inatoa maji safi mbele ya darasa zima. Udongo mkavu wa vumbi huyakataa maji mwanzoni, yakaelea na kumwagika juu. Ulowanishe kidogo siku moja kabla. Kopo likiinuliwa juu zaidi kwa chupa moja kuliko nyingine, matone hupiga kwa nguvu tofauti na ulinganisho umekufa. Shika rula, sentimita 30 kwa zote. Kosa la nne ndilo kubwa: ulezi unataka wiki mbili hadi tatu ndipo mizizi ishike udongo. Uliopandwa siku nne kabla hung'oka wote kwa mmwagio wa kwanza.

Sasa weka aina tatu za mafunzo kando ya zoezi hili. Katika semina ya siku moja mwezeshaji anakuja na ulezi uliokwisha kuota. Walimu wanaona matokeo mazuri, wanapiga makofi, wanarudi. Mwalimu anapanda Alhamisi kwa ajili ya Jumatatu, zoezi linamwangusha, na halirudii tena. Katika kambi wawezeshaji wazuri hukwepa tatizo kwa kung'oa bonge la nyasi pamoja na udongo wake na kulipachika kwenye chupa. Inafanya kazi, na ni mbinu ya kujifunza, ila bonge likiachwa na pengo upande mmoja maji yanapita hapo. Katika Jumamosi sita walimu wanapanda Jumamosi ya kwanza, wanaziacha chupa darasani kwao, wanaona wenyewe zile zilizokauka kwa sababu hakuna aliyemwagilia mwishoni mwa wiki, na Jumamosi ya tatu wanapima. Mwalimu wa namna hiyo amekwisha kukosea na kusahihisha kabla wanafunzi hawajamwona.

Zoezi hili ni moyo wa elimu ya mazingira ya Kigoma, na sababu iko ndani ya ziwa lenyewe. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Duniani inazidiwa na Baikal peke yake. Mtu akisikia hivyo anadhani tope kidogo la mto litamezwa. Lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini na 200 au zaidi kusini, na chini ya hapo samaki hawaishi. Samaki wa mawe, wale sikilidi wa aina zaidi ya 200 ambao karibu wote hawapatikani penginepo duniani, wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa mwambao ambako jua linafika na mwani unaota juu ya jiwe. Tope likishuka mlimani linatua hapohapo: linafunika mwani wanaokwangua, linaziba nyufa wanamotagia. Ziwa ni kubwa mno, nyumba yao ni nyembamba mno. Mafunzo yoyote yasiyomfikisha mwalimu kwenye jambo hili yamemwacha nje.

Kisahani cha uwazi wa maji, na hesabu ya boti

Hapa kambi inashinda, na ni vyema kusema hivyo waziwazi.

Kisahani chenyewe hutengenezwa kwa saa moja. Kata kifuniko cha ndoo kiwe duara la sentimita 20, gawa robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Toboa katikati kabisa. Tundu likienda pembeni kisahani kitashuka kimeinama na kipimo kitakuwa cha uongo. Chini yake funga jiwe bapa au nati kubwa. Kamba iwe ya nailoni iliyosukwa, mita 20, na alama ya rangi kila nusu mita. Ipime ikiwa imelowa, maana ya katani hubadilika urefu ikiingia majini.

Teremsha upande wa kivuli cha boti, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, macho bila miwani ya jua. Soma kina pale kisahani kinapopotea, kishushe kidogo zaidi, kipandishe, soma kinapoonekana tena, chukua wastani. Hesabu kuanzia usawa wa maji. Wengi huhesabu kuanzia ukingo wa boti na kuongeza nusu mita isiyokuwapo. Pima mbele ya mdomo wa mto, kisha mbali na mto mbele ya miamba. Tofauti ya namba hizo mbili ni somo zima.

Sasa hesabu ya boti. Boti inayobeba watu wanane na jaketi nane za kuokolea, kila mzunguko dakika 25, kwa walimu 40 ni mizunguko mitano: zaidi ya saa mbili, na wakati wowote ule 32 wako mchangani wanangoja. Upepo wa mchana ukianza mapema, mizunguko miwili ya mwisho inafutwa. Kambi yenye walimu 24 inamaliza kwa mizunguko mitatu asubuhi moja, na upepo ukiharibu siku ya kwanza iko ya pili. Jumamosi sita hupangia boti Jumamosi moja tu, kwa kuwa kukodi mara sita ni ghali. Upepo ukivuma siku hiyo, zoezi limepotea labda ratiba ibadilishwe.

Kwa shule isiyo na boti kuna njia ya nchi kavu. Chora alama ya msalaba mweusi kwenye kitako cha ndoo nyeupe ya lita 20, simama juu yake, mimina maji ya mto taratibu hadi msalaba upotee, pima kina kwa rula. Kwa maji ya mto baada ya mvua unapotea mapema. Kwa maji ya ziwa ndoo itajaa na msalaba bado unauona, kwa hiyo usipange zoezi hili ufukweni ukitegemea namba.

Tarehe

Hili halizungumzwi sana, nalo linaamua mengi. Semina za siku moja hupenda kupangwa karibu na tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Kambi hufuata likizo ya katikati ya mwaka. Vyote viwili vinaangukia kiangazi cha Kigoma, ambapo mvua imekwisha, vijito vimetulia na maji ya mto ni meupe. Mwalimu anafundishwa kuhusu tope katika msimu usio na tope. Anapima, anaona maji safi, na anarudi akiamini mto wake hauna neno.

Katikati ya mwaka pia, uvuvi unaweza kuwa umefungwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwalo uliozoea karabai na taa za sola usiku, na dagaa kutandazwa alfajiri, unakuwa kimya. Kwa somo la kupumzisha ziwa ni wakati mzuri kuliko wote. Kwa zoezi la kuhesabu aina za samaki zinazotua, dagaa, migebuka, kuhe, hakuna cha kuhesabu. Mwandaaji ambaye ratiba yake ya Juni ina zoezi la kupima urefu wa dagaa wanaotua mwalo wa Kibirizi ajibu kwanza atawapata wapi.

Jumamosi sita zikianza mwishoni mwa Januari huishia mwanzoni mwa Aprili: mvua ipo, tope lipo, shule ziko wazi, wanafunzi wapo. Tatizo lake ni barabara na mvua yenyewe. Panga Jumamosi moja ya akiba mwishoni. Kati ya sita, tegemea moja kuharibika.

Taka: hapa siku moja inatosha

Kama lengo la shule ni kuhesabu taka za ufukweni, usijisumbue na kambi. Siku moja inaweza kulifanya vizuri likipangwa vizuri.

Pima mita 100 sambamba na maji, zigawe vipande vinne vya mita 25, kila kikundi kipande chake, kuanzia mstari wa maji hadi majani yanapoanzia. Karatasi ya kumbukumbu iwe na makundi yasiyozidi manane: chupa za plastiki, vifuniko, vifungashio laini, vipande vya nyavu na kamba, vyuma na makopo, kioo, nguo na viatu, vinginevyo. Ukiweka makundi 20, walimu watabishana juu ya kila kipande na kazi haitaisha. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 25, glovu nene, ndoo, na gunia moja kwa kila kundi la taka.

Makosa mawili yanaua zoezi hili. La kwanza ni kuchanganya usafi na kuhesabu: watu wanaokota kwa bidii, wanajaza gunia, na mwisho hakuna anayejua vilikuwa nini. Hesabu kwanza, okota ukiandika. La pili ni gunia lenyewe. Bila gari la taka lililoombwa halmashauri mapema, magunia yanabaki yamelundikwa palepale, na mvua ya kwanza inayarudisha ziwani. Kijiji kizima kitakuwa kimeona walimu wakifanya hivyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, hivyo jedwali la taka lenye namba huwapa wanafunzi wakubwa swali zuri la kujadili: kilichobaki ni nini, na kinatoka wapi? Jumamosi sita zinaongeza kitu kimoja tu hapa, nacho ni cha thamani: kurudi mita 100 zilezile baada ya wiki nne na kuhesabu upya.

Ufukwe upi

Mwaliko ukisema "ufukweni" tu, uliza ufukwe gani. Kigoma ina namna tatu na kila moja ina somo lake.

Ufukwe wa mchanga wenye mwalo, kama Kibirizi, unafaa kwa taka na kwa shughuli za watu: dagaa waliotandazwa mchangani wakilinganishwa na waliokaushwa kwenye vichanja. Ufukwe wa miamba, kama upande wa Bangwe na mawe ya Katonga, ndio darasa la viumbe. Hapo kifaa cha maana ni ndoo ya kutazamia: ndoo ya lita 10, kitako kimekatwa na kuachwa ukingo wa sentimita 2, kikafungwa plastiki ngumu angavu kwa silikoni na kuachwa saa 24 ikauke. Usitumie kioo cha dirisha. Kikipasuka majini kinakata mkono. Ndoo ikizamishwa wima hukamata povu chini yake na huoni kitu, iinamishe kwanza. Mwalimu anayetazama kwa mara ya kwanza huona samaki wadogo wenye mistari wakikwangua jiwe, kila mmoja akilinda eneo lake, na konokono wenye maumbo yanayofanana na ya baharini ilhali hawajawahi kuishi baharini. Kwenye mchanga kati ya mawe okota gamba tupu la konokono mkubwa; magamba ya namna hiyo yakirundikana chini ya maji huwa nyumba za sikilidi wadogo wanaotaga ndani yake. Gamba moja mkononi, lenye ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima au zaidi, linafundisha kuliko chati ukutani.

Mdomo wa mto, kama delta ya Luiche, ndiko tope linakoonekana. Ndiko pia kwenye hatari. Mamba na viboko hawaingiliwi kwa ajili ya semina: maji ya mto yachotwe kutoka darajani kwa ndoo ya kamba, na walimu wasishuke matopeni. Mwandaaji anayepanga kuwatembeza walimu kwenye matete hajui mahali anapowapeleka.

Kichocho kinahitaji aya yake. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vimelea hutoka ndani yao kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea mchana na baada yake. Kwa hiyo kazi ya kuingia majini ifanyike asubuhi, kwa buti za mpira zinazofika magotini, mahali penye mawimbi na pasipo majani. Maji ya sampuli yaliyopelekwa darasani wanafunzi wasiyatie mikono: vimelea vinaweza kuishi ndani yake hadi siku mbili. Miamba nayo ina swila wa majini, nyoka mwenye sumu anayewinda samaki. Si mchokozi, lakini mkono hauingizwi kwenye ufa usioonekana ndani.

Katika usalama kambi na Jumamosi ziko mbele kwa sababu ya idadi tu. Mwezeshaji mmoja anaweza kuangalia watu wanane wakiwa majini. Kwa walimu 40 wanahitajika watano, na semina ya siku moja ni nadra kuwa nao.

Gombe ndani ya kambi

Kambi nyingi huvutia kwa kuahidi safari ya Gombe, na tunaelewa kwa nini. Hifadhi iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, hufikika kwa boti tu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alitua hapo tarehe 14 Julai 1960, na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Lakini siku nzima ya kambi na sehemu kubwa ya fedha zitakwenda kwenye boti, viingilio na kuwatafuta sokwe, na sokwe si kiumbe ambaye mwalimu ataweza kumfundishia kwa vitendo shuleni kwake.

Kama safari lazima iwepo, somo liko njiani. Mkiwa botini karibu na mpaka wa hifadhi, tazameni milima: msitu upande mmoja, mashamba na mteremko uliovuliwa miti upande mwingine, na vijito viwili vinavyoshuka ziwa moja. Zungumzeni pia juu ya TACARE, mradi ulioanza 1994 katika vijiji vya Kigoma, uliojengwa juu ya wazo kwamba msitu hauokolewi ikiwa kijiji kinachouzunguka hakina maji, afya na mapato. Klabu za vijana za mazingira za Roots & Shoots zilizoanzishwa Tanzania mwaka 1991 ni msaada kwa mwalimu anayerudi akitafuta pa kuanzia, maana klabu ya watoto 25 inabeba vifaa na mazoezi ambayo darasa la 90 haliwezi kwa siku ya kwanza.

Vifaa na watu

Mafunzo yanayomrudisha mwalimu na cheti na kofia tu yamemrudisha mikono mitupu. Kwa darasa la wanafunzi 90 lililogawanywa vikundi tisa, kisanduku cha shule kiwe na angalau chupa 27 za lita 1.5, makopo tisa ya matundu, vikombe angavu 27, rula tisa, kisahani kimoja, ndoo mbili za kutazamia, kamba ya mita 100, mizani, na mitungi tisa ya lita moja yenye vifuniko. Mitungi ni kwa ajili ya kutuamisha tope: jaza theluthi udongo na maji hadi juu, tikisa dakika mbili, acha. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini huchukua saa kadhaa, mfinyanzi huelea siku nzima na zaidi. Katika semina ya siku moja mtungi hauna muda wa kuonyesha sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo inayosafiri mbali zaidi ziwani. Kambi inaionyesha kesho yake asubuhi.

Vingi vya vifaa hivyo ni chupa za kuokota, kwa hiyo ukosefu wa fedha si sababu ya kutosha. Sababu huwa kabati. Kifaa kisicho na kabati lenye kufuli huisha muhula mmoja.

Na tupeleke walimu wawili kutoka shule moja, kamwe si mmoja. Uhamisho ukija, mmoja akienda Kasulu au Uvinza, mwingine anabaki na kazi. Semina za siku moja hupenda mwalimu mmoja kutoka shule 40, kwa kuwa idadi ya shule inapendeza kwenye taarifa. Jumamosi sita kwa asili yake huchukua watatu au wanne kila shule, na hili pekee lingetosha kuzipa upendeleo. Tena zinaingia vizuri ndani ya MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini: jumuiya ya kujifunza ya shule inakutana hata hivyo, na baadhi ya vipindi vinaweza kufanyika hapo bila nauli ya mtu yeyote.

Basi tuchague

Shule za mjini na pembeni yake, Kibirizi, Katonga, Bangwe, Ujiji: Jumamosi sita, bila kusita. Ziwa liko umbali wa kutembea, gharama ya kulala haina maana, na wiki kumi zinampa mwalimu nafasi ya kujaribu, kukosea na kurudi kuuliza. Afisa Elimu Kata akiunganisha shule nne, boti moja inazitosha zote.

Shule za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na kwingine mbali na ziwa: kambi. Kusafiri mara sita hakuwezekani. Ila mwulize mwandaaji kama siku moja kati ya tatu ni ya kijito, kwa kuwa mwalimu wa Kasulu hana ufukwe. Ana mto, na maji ya mto wake safari yake inaishia ziwani. Kambi yenye siku tatu zote za ziwa itampendeza na haitamfaa. Awe pia na mtu wa kumpigia simu wiki ya tatu baada ya kambi, wakati ulezi wake unapogoma.

Vijiji vya mwambao visivyo na barabara: si kambi wala Jumamosi za mjini. Mwezeshaji ndiye apande boti, akae siku mbili kijijini, aondoke, arudi baada ya wiki tatu kwa siku mbili nyingine. Mwezeshaji kusafiri mara mbili ni nafuu kuliko walimu 12, na mafunzo yanafanyika kwenye ufukwe ambao watoto wa hapo wanauona kila siku.

Semina ya siku moja ichaguliwe kwa taka, au kwa kuwashawishi wakuu wa shule ambao bado hawajaona haja ya jambo hili. Na kama fedha iliyopo ni ya siku moja tu, usikatae. Omba igawanywe asubuhi mbili zenye wiki tatu katikati. Nauli inaongezeka, chakula cha mchana kinaondoka, gharama hazipishani sana. Asubuhi ya kwanza walimu wapande ulezi, wakate chupa, watengeneze kisahani. Asubuhi ya pili wanakuja na chupa zao, zilizoota na zilizokufa.

Kabla ya kujibu mwaliko wowote, mpigie mwandaaji na muulize: tarehe zinaangukia msimu gani, ufukwe gani, wawezeshaji wangapi watakuwa majini na jaketi ngapi za kuokolea zipo, kisanduku kinabaki na shule au kinarudi na gari, na nani atakuja darasani kutazama somo la kwanza. Asipokuwa na jibu la hilo la mwisho, mwambie shule yako ina nafasi Jumanne baada ya mapumziko ya saa nne, na mpe jina la mwalimu atakayempokea.